Mifereji ya Muhanga

Sogeeni niwape ya Muhanga, mchimbaji aliyewachimbia majirani wa kilima kizima mashimo ya kulala. Kila shimo alilitilia mfereji wa kutoa maji ya mvua, na kila mfereji aliuziba kwa namna yake: huu kwa gogo, ule kwa udongo, mwingine kwa jiwe alilolificha anakojua yeye tu. Mvua ikinyesha, kilima kizima kilimwita aje kuzibua. Alinung'unika, lakini masikio yalimsimama kwa raha.

Masika moja, akiwa bado anahangaika kwa Ngiri, watoto wa Mama Nungunungu walikuwa tayari wanaelea.

"Jirani, utajigawa mara ngapi?" Mama Nungunungu alimuuliza, akiwapangusa wanawe.

Muhanga aliona haya. Kiangazi chote akachimba upya. Mifereji yote akaiunganisha na mtaro mmoja mkubwa, wenye jiwe moja tu, mahali pa wazi. Yeyote akilisukuma, mashimo yote yanakauka.

Mvua ikarudi. Muhanga akalala masikio juu, akingoja. Kimya. Akatoka amenuna hadi kwa Ngiri.

"Mbona hukuniita?"

"Nikuitie nini? Jiwe nimeshalisukuma," Ngiri akajibu, akipiga miayo.

Muhanga akageuka, masikio yamelala. Mara akasikia, "Muhanga! Muhanga wee!" Ni Mama Nungunungu. Akatimua mbio.

"Mfereji umeziba?"

"Mfereji gani? Kumbikumbi wametoka! Miaka yote hii ukija siku ya mvua unaishia kula matope. Leo kaa, ule na sisi."