Mlipa Kisasi Hana Mama

Ilias alikuwa amemlenga adui kichwani, ila kidole kilikataa kubonyeza. Kwenye skrini mlipa kisasi aliyekuwa akimchezesha alisubiri, bunduki mkononi, mvua ikimnyeshea. Vijana waliojaa kile chumba cha michezo pale Kamenge walimpigia kelele amalize, na wao wanataka zamu.

Hawakujua ana kisu cha jikoni chini ya shati. Baba yake, Hamimu, aliuawa mwaka jana njiani, na Ilias peke yake ndiye aliyemwona muuaji. Jina alilificha hata kwa mama yake, maana kazi hiyo alitaka kuifanya mwenyewe. Na jana, lahaula, kamwona yule mtu amerudi mjini! Akitoka hapa anakwenda kummaliza.

Mara mama yake, Waridi, akaingia, akaketi naye kwenye benchi. Alikuwa amekikosa kisu chake jikoni, akaja kumtafuta. Hakumgombeza. Alimwuliza tu huyo mtu wa kwenye mchezo mwisho wake nini. Ilias akamweleza kwamba anaua wote waliomkosea, na kila akiua anazidi kuharibika, mpaka anabaki hana mtu, hana hata pa kulala.

"Na haki si anayo?"

"Anayo, mama. Lakini inamumaliza."

"Hana mama?"

"Mu mchezo, apana."

Waridi akalia pale pale, mbele ya watu, bila haya. Alisema mume amekwisha mzika, mtoto hataweza.

"We ungali mutoto wa masomo, maisha yako yote iko mbele. Nipe kisu. Na jina unipe. Mi nimechoka kubeba mutu asiye na jina."

Ilias aliamini mama anataka kumsamehe muuaji katika sala zake, na moyo ukamvunjika. Akakitoa kisu kwa siri, akataja: Cirimwami, mpakiaji wa mizigo bandarini. Mwaka mzima hakuwahi kupumua vile. Mama akamwapisha asimguse mtu huyo kamwe, naye akaapa huku machozi yanamtoka. Mama akamsindikiza mpaka kwenye basi la Kinama, akamwambia atangulie nyumbani, amwangalie vizuri mdogo wake Soumaya.

Basi lilipoanza kuondoka, Ilias akageuka dirishani ampungie mkono. Mama hakuwepo tena pale alipomwacha. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kisu kimefungwa ndani ya kitenge, anapanda basi la kuteremka bandarini.