Mlinda Amani wa Makongeni

Sufuria ilipogonga mlango, Muoki alikuwa tayari amelala kifudifudi chini ya meza, mikono kisogoni, akisubiri mlipuko.

Hakukuwa na mlipuko. Kilichofuata ni sauti ya mama yake, Kalekye, huko nje.

"Rudia! Rudia nikusikie! Ndengu zangu ni chakula cha nani?"

"Cha njiwa!" akajibu jirani wa mlango wa pili, Phelister, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bwire. "Tena njiwa asiye na kwao!"

Muoki alijikung'uta vumbi, akaona haya ingawa hakuna aliyemwona. Jeshi lilikuwa limempeleka Yugoslavia kulinda amani ya watu wengine, na tangu arudi hakutaka kitu chochote duniani ila kimya. Aliacha jeshi, akajifungia katika chumba cha mama yake hapa Makongeni, pazia limeshushwa mchana kutwa. Vijana wa mtaa wakibisha, "Niaje, Soja, toka basi!", alijifanya amelala.

Hata Triza, msichana aliyemngoja muda wote huo, kila alipokuja kumwona aliambiwa yale yale.

"Ngoja kwanza nipate amani, Triza. Siku hizi sina kitu cha kumpa mtu."

Na amani alikuwa karibu aipate. Mama yake, aliyefua shuka za magari moshi ya abiria, alikuwa mtu mpole. Mama Bwire, mwenyeji wa Busia, alikuwa rafiki yake wa tangu zamani. Waliazimana chumvi, vitunguu na hata kanisa: Jumapili moja kwa huyu, inayofuata kwa yule. Kisha, siku chache tu baada ya Triza kuondoka pale akifuta machozi, vita vikazuka.

Vilianzia kwenye kamba ya nguo. Vikahamia kwenye bomba la maji. Vikaingia hadi kwenye omena za Mama Bwire, vile visamaki vya ziwani, ambavyo ghafla vilimnukia vibaya Kalekye, mwanamke aliyekuwa akivitafuna miaka nenda miaka rudi na kulamba vidole.

Muoki alifanya alichofundishwa. Alitafuta chokaa, akachora mstari mweupe kutoka bombani hadi ukutani: upande huu Mama Muoki, upande ule Mama Bwire. Wanawake waliutazama mstari, wakaukubali kwa heshima zote. Kulipokucha, Mama Bwire alipiga kelele kwamba umesogezwa.

"Umesogezwa na nani?" Muoki akauliza.

"Muulize mamako! Nyinyi Wakamba si mnajua kuchonga? Hata mpaka mnauchonga!"

"Umemsikia?" Kalekye akafoka. "Huyu hasikii la mtu. Labda Triza. Si ni mtoto wa dada yake? Nenda kwake Mowlem umwambie aje aongee na anti yake, kabla sijafungwa."

Muoki hakutaka kwenda Mowlem. Lakini sufuria nyingine iliruka, ile kuukuu iliyotoboka, akaenda.

Triza alikuwa fundi wa nguo. Alimpa kiti karibu na dirisha, akasikiliza habari za vita bila kumkatiza, akaahidi kuongea na anti yake. Kisha akarudi kwenye kazi. Cherehani ilipoanza kutatarika, Muoki alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Triza aliona, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Niache?"

"Endelea tu."

Akaendelea, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Alipogeuka tena, Muoki alikuwa amelala pale pale kitini. Hakuota chochote.

Kama Triza aliongea na anti yake, haikusaidia. Muoki akishinda nyumbani tu, vita vinapamba moto. Na kila Kalekye alipochoka kutukana, alimtuma Mowlem: leo akachukue kitambaa, kesho akakirudishe.

Siku moja alirudi mapema, akawakuta majemadari wote wawili kwenye benchi moja, wakichambua ndengu katika ungo mmoja. Wakauachia ungo kwa pamoja.

"Mmepatana?" Muoki akauliza.

"Nipatane na huyu?" Mama Bwire akainuka. "Nimekaa hapa nimwangalie vizuri, asinitoroke!"

Akaingia kwake haraka, uso ameuficha ndani ya leso, mabega yakimtikisika. Muoki alidhani analia, akamwonea huruma.

Baadaye alianza kwenda Mowlem bila kutumwa. Alimrekebishia Triza mlango uliokuwa ukikwama. Alimbebea majora ya vitambaa. Njiani vijana walipomwita Soja, aliwaitikia. Jumamosi moja, mvua ikinyesha na cherehani ikiwa imetulia, alijikuta anaongea kabla hajapanga maneno.

"Triza, nimetafuta amani hadi Ulaya. Kumbe mahali pekee ninapoweza kulala ni kwenye kiti chako. Utakubali nikuoe?"

Triza alikata uzi kwa meno, akaikunja nguo ya mteja vizuri, kisha tabasamu likamshinda nguvu.

"Nitakubali."

Muoki alicheka kwa sauti, kicheko ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Lakini mara uso ukamshuka.

"Na wale wawili? Si watatuaibisha mbele ya kanisa zima! Nani atawatuliza siku ya harusi?"

"Hao wasikusumbue," Triza akasema, akitafuta mwavuli ili watoke kwenda Makongeni. "Tulikubaliana wataacha siku utakayoniuliza."