Matofali Elfu Moja na Tisa

Ulibaki ushahidi wa mlinzi Makame tu. Ukiaminiwa, Mwalimu Zuhura atafungwa kwa kuiba matofali ya shule.

"Yalikuwa elfu moja na tisa, Mheshimiwa," Makame aliapa. "Niliyapanga safu nyingi zilizo sawa, halikuzidi hata moja."

Zuhura alisimama. "Safu ngapi, bwana?"

"Hapa si darasani, Mwalimu. Kumi na saba."

Hakimu akagawanya. "Yanabaki sita."

"Basi kumi na tisa!"

"Yanabaki mawili."

"Elfu moja na tisa ni namba tasa, Mheshimiwa," Zuhura alisema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Hakimu akamsogezea Makame kalamu. "Tupangie, tuone."

Makame aliishika. Jasho likadondoka juu ya karatasi tupu.