Biskuti za Mwinjilisti

Chungu kilipofunuliwa na mvuke ukampiga puani, mwinjilisti Yunisi alisema kwa upole, "Nisamehe, mama. Leo nimefunga."

Haikuwa kweli. Alikuwa amevuka mpaka kuja kuhubiri, na tangu afike katika mji ule, utumbo wa mbuzi wanaoupenda wenyeji ulikuwa umemshinda. Aliona aibu kukataa chakula cha watu, na funga ikamjia mdomoni upesi.

Mama Odilia, mwenyeji wake, alikifunika chungu. Yunisi akaingia chumbani, akarudisha mlango, akatoa pakiti ya biskuti aliyoificha begini chini ya Biblia. Alikuwa akitafuna polepole asisikike, mara akasikia sauti ya binti mdogo wa nyumba ile uani.

"Mama, njaa inaniuma."

"Hata mimi. Mgeni atuombee kwa njaa, halafu sisi tushibe? Tutakula akifungua."

"Atafungua saa ngapi?"

"Kamuulize."

"Naogopa. Yule ni mtakatifu."

Mama Odilia alicheka. "Haya, twende wote, mwoga wewe."

Yunisi akaimeza biskuti bila kuimaliza kutafuna. Mlango ukagongwa.

"Mtumishi, tumefunga pamoja nawe," alisema Mama Odilia. "Mtoto ameishiwa nguvu. Tuombee, basi, tule."

Yunisi alijifuta midomo, akajifuta tena, akafungua. Mtoto alikuwa amekwisha kupiga magoti kizingitini, macho ameyafumba, viganja amevikinga. Yunisi alisimama mbele yake, mkono mmoja nyuma, na pakiti ikichakarika kila alipovuta pumzi.