Jambo Lililotangulia

Binti alikuwa ametulia akisuka ukindu, mara vidole vikamkakamaa. Nje ya mlango mtu alikohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. Ngumi ikapanda, akaanza kujipiga kichwani.

Barke akatia alama kwenye fomu: moja, mbili, hadi saba. Ndiyo kazi aliyopewa katika zahanati ya kambi ya wakimbizi, Mombasa: ahesabu binti amejipiga mara ngapi, saa ngapi, na baada ya jambo gani. Sababu isipoonekana, daktari mgeni angempeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Binti mwenyewe hakuwa amesema neno tangu vita vilipomtoa kisiwani kwao Chovai.

Mkalimani wa daktari akaingia akitabasamu. "Yu vipi mchu wetu, dada? Bado ana wazimu binti huyu?"

Barke akafunua fomu za siku tatu. Saa tatu, saa nane, saa kumi: zote ni saa alizoingia mkalimani. Kila mara kikohozi kilimtangulia.

"Kaka, wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Kismayu." Tabasamu likamtoka. "Nipe fomu, nimsomee daktari."

"Nitazipeleka mwenyewe."

Mkalimani akaurudisha mlango kwa kisigino. "Nimesema nipe."

Barke akazikunja fomu, akazitia kifuani, akageukia dirisha. Nje wanawake wa Chovai walikuwa wamepanga foleni ya dawa.

"Dada zangu!" akaita. "Njooni mumtazame mchu huyu!"

Wa kwanza aliyechungulia alimwona mkalimani, na chupa ya dawa ikamponyoka mkononi. "Ndiye yule wa vita vya Chovai!"