Maji ya Kumwoshea Mama Mkwe

Mama mkwe alikata roho alfajiri. Waoshaji walishakunja mikono ya magauni, lakini bomba lilimkatalia Saumu maji katakata.

"Neno la Kiingereza, herufi tano, lenye R na E," lilirudia kwa upole ule ule wa kuudhi.

"Bread," akasema Saumu. "River. Green!"

"Yameshatumika mtaani kwenu."

Neno likishafungua maji mara moja, mtaa mzima haulipati tena. Saumu akatoa lile la akiba, walilolijua yeye na mumewe tu. "Heron."

"Limeshatumika."

Akamgeukia mumewe. "Mbaruku! Neno la siku ya msiba umelifanyia nini?"

Mbaruku akainamisha kichwa. "Niliosha pikipiki, mke wangu."

Saumu akalipiga bomba teke, akatoka uani walikojaa majirani, wale wale waliokula vitumbua vya marehemu miaka nenda miaka rudi.

"Jamani, nani ana neno? Moja tu, tumsitiri mama."

Wanawake wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakavuta kanga zao, wakajiziba midomo, wakazidisha kulia.