Kunde za Digidigi

Mvua ilipokatika, kunde za Digidigi zilianza kusinyaa. Digidigi alikuwa mama asiyejua kupumzika, na watoto wake walizitegemea kunde hizo. Kila asubuhi alishuka kisimani, ambako maji yalikuwa na munyu kidogo, akarudi kumwagilia shina kwa shina.

Jirani yake, mzee Kakakuona, alijaribu kumwagilia kunde zake mara moja tu. Mgongo ulimkatalia, akaketi.

"Mzee, shamba lako litakufa," Digidigi alimwambia huku akihema.

"Na life, mwanangu. Nimechoka."

Jua liliendelea kuwaka. Kunde za Kakakuona zilipukutisha maua, zikainamisha majani kulikwepa jua, zikabaki hivyo. Za Digidigi ziliungua kingo za majani, kisha zikakauka kabisa.

Digidigi aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa mifupi, na udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe. Akaulamba.

"Chumvi," alisema. "Kiangazi kizima nimebeba chumvi."

Wakafukua kando ya shina la Kakakuona. Mzizi ulikuwa umeshuka mbali kutafuta maji, hadi kwenye udongo wa baridi, na juu maua mapya yalikuwa yakichomoza.

"Kumbe ulijua, mzee! Mbona hukuniambia?"

"Ningejua nini mimi? Nilichoka tu."

Digidigi alicheka, kicheko kikageuka kilio. Kakakuona akamsogelea.

"Zikikomaa, walete watoto tule pamoja. Sasa lala."

Digidigi akajinyoosha palepale kati ya mashina, mchana kweupe, akalala.